Elfu mbili yangu iko wapi kwenye lile paa?

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye semina ya viongozi wa walei wa dekania yetu, yaani parokia zetu za jirani. Wengi hamkufika kwa sababu ya mvua na ile barabara, mkaomba niiweke yote, basi hii hapa kama nilivyoisema, picha tu ndo sijaweka.

Tumsifu Yesu Kristo! Milele amina.

Baba Dekano, mababa paroko, masista, makatekista, wenyeviti na makatibu wa halmashauri walei, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, wanangu wa VIWAWA kule nyuma, shikamooni wakubwa, na nyie wadogo marahaba.

Nimeambiwa niongelee ukarabati wa kanisa la zamani na mnajua kwanini nimeitwa mimi, zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa ukadiriaji majenzi, nimepima shule, maghala, ofisi za serikali, nikastaafu, nikafika nyumbani sijakaa hata mwezi wakaniweka katibu wa kamati ya ukarabati pale parokiani. Kwahiyo najua mmekuja na kalamu mnasubiri bei ya bati. Bati nitaligusia. Ila kilichonitoa nyumbani na mvua yote hii ni jambo lingine. Ukarabati wetu ulisimama miezi mitano. Miezi mitano, jamani, kanisa halina paa! Fundi alikuwepo, mbao zilikuwepo, michoro ipo, kibali kipo. Ulisimama kwa sababu sisi kamati tulinyamaza, na nataka msikie ilikuwaje ili kwenu isiwe hivyo.

Kanisa letu wengi mnalijua, la mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya wamisionari wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililoshuka Bagamoyo mwaka 1868. Kuta zake ukinyoosha mkono dirishani haufiki mwisho, ni nene. Babu zetu ndo walibeba yale mawe. Sasa Jumapili moja ya masika, Misa ya kwanza, tupo kwenye mageuzo, kengele imeshalia, wote tumepiga magoti, tone la maji likadondoka kwenye altare, juu ya kile kitambaa cheupe, koporale. Nilikuwa benchi la pili, nililiona. Paroko akaisogeza kalisi, kikombe cha divai, taratibu, kama inchi mbili hivi, akaendelea kusali. Tone la pili likaja likadondoka pale pale kalisi ilipokuwa.

Sijawahi kusali kwa uoga kama siku ile.

Kesho yake asubuhi fundi akaweka ngazi, akatoa silingibodi moja juu ya altare, mimi nimeshika ngazi chini. Akachukua bisibisi akaichoma kwenye kenchi, mbao zinazobeba paa. Ikazama yote mpaka kwenye mpini! Hakusukuma kwa nguvu, aliichoma tu kama mtu anachoma ndizi mbivu, akaichomoa ikatoka na unga, unga ukanimwagikia kichwani. Nikamwambia shuka, nikapanda mwenyewe. Ile mbao kwa nje ina rangi yake nzuri kabisa, ukiigonga inalia kama debe tupu. Mchwa walishakula kila kitu wakaacha ganda. Na juu ya hilo ganda kuna bati, na chini ya hilo bati kila Jumapili tunakaa sisi na watoto wetu.

Sasa nawauliza viongozi wenzangu. Habari hiyo ni ya nani? Ni ya paroko? Ni ya kamati? Au ni ya wale wanaokaa chini yake?

Sisi tulikaa watu saba sakristia tukaamua tusiwatie watu hofu. Jumapili likasomwa tangazo, naomba mlisikilize kama lilivyosomwa: "kutakuwa na matengenezo madogo ya paa, waumini wanaombwa kuchangia." Basi, limeisha. Madogo! Na sisi saba wote tunajua kuwa ni kenchi zote, bati zote, na huenda na linta, zile boriti za juu ya madirisha, za upande wa magharibi. Tulidhani tunawalinda. Watu wakatoa kwa kipimo cha neno tulilowapa, mtu akisikia matengenezo madogo anatoa mchango mdogo, kosa lake liko wapi? Halafu mwezi unaofuata wanakuja Misa wanakuta paa lote limetolewa, wanaona mbingu. Na hakuna aliyewaambia kitu.

Hapo ndo maneno yakaanza. Mara fundi ni ndugu yake fulani, mara pesa ya paa imejenga nyumba ya kigango, mara zile bati za zamani zimeuzwa usiku. Hakuna hata moja lililokuwa kweli, na sisi badala ya kusimama tukajibu tukasema tukianza kujibu uvumi hatutamaliza, tutulie, kazi itajibu. Kazi haikujibu. Mweka hazina wetu alinionyesha bahasha za Jumapili moja, bahasha ya mchango wa paa, jina la jumuiya limeandikwa juu vizuri, ndani hakuna shilingi, kuna kikaratasi kilichokatwa kwenye daftari la mwanafunzi kimeandikwa maneno mawili: "Paa gani?"

Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Na mambo yangeendelea hivyo kama sio bibi mmoja wa jumuiya yetu. Bibi huyu anauza vitumbua asubuhi, na kila Jumapili bila kukosa alikuwa anatoa elfu mbili ya paa. Sio elfu mbili ya kubaki mfukoni ile, ni unga na mafuta ya kesho. Siku hiyo tumemaliza sala ya jumuiya nyumbani kwake, watu wanaondoka, nikamwambia bibi shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanishika mkono hakuuachia, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, elfu mbili yangu iko wapi kwenye lile paa?"

Nilikosa jibu. Mimi, mkadiriaji majenzi, miaka thelathini nahesabu mpaka misumari ya watu, sikuwa na jibu. Hakuwa ananituhumu, alitaka kujua tu, kama ambavyo ukimpa mtoto wako hela ya daftari unataka uone daftari.

Kesho yake nikamchukua tukaenda naye kanisani. Zile kenchi chache tulizokuwa tumeshanunua zilikuwa zimelala chini kwenye turubai, nikamwambia bibi hizi ndo zenyewe, shika. Akapitisha kiganja, akanusa ile dawa ya mchwa akakunja uso, akauliza kwanini ni za kijani, nikamweleza kwamba zimetiwa dawa kiwandani, ile iliyooza haikuwa na dawa. Nikamwonyesha na ile iliyooza, akabonyeza kwa kidole gumba ikabomoka. Akakaa kimya muda, akasema, "Kumbe tulikuwa tunakaa chini ya kifo, na nyie mlijua."

Jioni ile ile aliwaeleza jumuiya nzima. Wiki iliyofuata jumuiya yetu ilitoa mara mbili ya walivyokuwa wanatoa mwanzo. Hakuna aliyepiga harambee, hakuna mgeni rasmi, hakuna keki. Walijua tu.

Ndugu zangu, hili jambo la watu kuchoka kutoa kwa sababu hawaoni kazi sio la dunia ya leo, nendeni mkasome Wafalme wa Pili sura ya 12. Mfalme Yoashi aliwaambia makuhani wapokee fedha watengeneze mabomoko ya hekalu. Mwaka wa 23 wa utawala wake mabomoko bado yapo pale pale! Mfalme akawaita akawauliza, mbona hamtengenezi? Halafu kuhani Yehoyada akafanya nini? Alichukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu, upande wa kulia mtu anapoingia. Mnaona? Hakuliweka nyumbani kwa kuhani, hakuliweka chumba cha ndani, liliwekwa anapopita kila mtu. Na fedha zikijaa hakuhesabu mtu mmoja, anakuja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wanahesabu pamoja, wanafunga mifukoni, zinaenda mikononi mwa maseremala, waashi na wakata mawe. Na zile fedha za sadaka ya dhambi hazikuingizwa humo, zilibaki za makuhani. Kila fedha na kazi yake.

Sasa najua kuna mtu hapa ameshafika aya ya 15, ananisubiri. Inasema hawakudai hesabu kwa wale waliokabidhiwa fedha kwa maana walitenda kwa uaminifu. Hiyo aya nimewahi kurushiwa na mjumbe wa kamati yangu mwenyewe. Nikamjibu, ndugu, anza aya ya 9. Ule uaminifu ulikuja baada ya kasha kuwekwa wazi na watu wawili kuhesabu, huwezi kuruka kasha ukaenda moja kwa moja kwenye kuaminiwa.

Na Kanisa letu halijaliacha hili kwenye hiari ya mtu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha, kila parokia, sio zile kubwa za mjini tu. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo hilo. Na kanuni ya 1287, aya yake ya pili, inasema wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali ambazo waamini wenyewe wamelitolea Kanisa. Wawape hesabu waamini! Kwahiyo muumini akiuliza elfu mbili yangu iko wapi hajakosa adabu kwa padre, anauliza kitu ambacho sheria ya Kanisa inamtambua nacho. Tuache kabisa ile tabia ya kumwambia mtu "wewe umeshatoa kwa Mungu, mwachie Mungu." Hapana. Ametoa kwa Mungu kupitia mikono yangu, na mikono yangu lazima ionekane.

Mtasema mbona ni parokia ndogo, hayo ni ya makanisa makubwa. Haya twende kwenye kubwa kweli kweli. Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, iliungua tarehe 15 Aprili 2019, tuliiona wote kwenye simu zetu, ule mnara ukianguka. Watu kama laki tatu na elfu arobaini kutoka nchi 150 walichanga. Wakaguzi wa serikali ya Ufaransa walikuwa wanatoa ripoti za fedha zile hadharani, tena zenye lawama ndani yake. Kwenye uzio wa kazi waliweka mabango ya picha na maelezo, mpita njia anaona ndani kunafanyika nini. Na pamoja na hayo yote walijikwaa wapi? Kwenye habari mbaya. Paa na mnara vilikuwa na mamia ya tani za madini ya risasi, moto ukayayeyusha, vumbi lake likatua mitaani, na wazazi wa watoto wa shule za karibu wakalalamika kwamba wamechelewa kuambiwa, ikafika Julai kazi ikasimamishwa kwa muda ili warekebishe usalama. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024, limependeza sana. Ila mimi nikisoma habari ile nilikuwa nawaza tangazo letu la "matengenezo madogo".

Na hapa niseme neno kwa parokia ambazo bado zina paa la asbesto, najua zipo, kwenye kumbi na nyumba za mapadre za miaka ya sitini na sabini. Msimpandishe kijana na nyundo akavunje. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu na halitoki, ugonjwa unakuja miaka mingi baadae. Tafuteni wataalamu, fungeni eneo, na waambieni watu KWANINI mmefunga. Ukifunga bila kusema, watoto watapita chini ya kamba kwenda kucheza humo humo.

Sasa nije kwenye ukuta, maana ukuta ndo ulitupima uvumilivu kuliko paa.

Miaka ya nyuma kuna watu wema waliona lipu ya chokaa inabanduka, wakaitoa upande mmoja wakapiga lipu ya saruji, ikang'aa kweli. Baada ya masika kadhaa ikaanza kuvimba. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu toka chini na toka kwenye mvua, na una chumvi ndani yake, sasa chokaa inauachia ule unyevu utoke, ukuta unapumua. Saruji inauziba. Maji yanakwama ndani, chumvi inasukuma, mwishowe lipu inaanguka, na inaondoka na uso wa jiwe. Tulipoibandua ile saruji nilishika kipande kama sahani hivi, nyuma yake kimeng'ang'ania matumbawe, unaona mpaka vitobo vyake, na kilikuwa kimelowa katikati ya kiangazi.

Basi tukaamua kurudi kwenye chokaa. Chokaa haina haraka. Unaizima kwenye maji, unaiacha ilale, ndo uipige, safu nyembamba, unailowesha na kuikinga na jua, unasubiri, unapiga safu nyingine. Muumini akipita anaona nini? Anaona mafundi wawili, gunia limetundikwa ukutani, ndoo ya maji, na wiki ya tatu hakuna kilichobadilika! Tungenyamaza tena tungekwisha. Safari hii tulikuwa tumeshajifunza, baada ya komunyo, kabla ya baraka ya mwisho, fundi mwenyewe akasimama mbele. Hajazoea kusema mbele za watu, mikono myeupe kwa chokaa, akachukua kile kipande cha saruji akakigeuza watu waone nyuma, akasema, hili ndo linakula ukuta wenu, mkiniharakisha nitawapigia kama hili. Dakika tatu tu. Toka siku ile hakuna aliyetuuliza mbona mnachelewa, na kuna watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wanakuja jioni kumwagia maji yale magunia.

Majengo ya namna hii sio ya kuchezea. Beit al-Ajaib pale Unguja, jumba la mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakapoteza maisha. Siku ya Noeli.

Kuna jambo moja nusura lituharibie tena, na hili halihusu fedha. Kwenye michoro ile reli ya mbao mbele ya altare, tuliyokuwa tunapiga magoti kupokea komunyo, ilikuwa itolewe. Sisi tuliona ni mbao. Siku ya kuitoa tukamkuta mzee mmoja amekaa pale toka alfajiri, ameweka fimbo yake juu ya reli, haongei. Nikamsogelea, mzee shikamoo. Akaniambia, "Hapa nilifunga ndoa. Hapa mke wangu alipokea komunyo yake ya mwisho akiwa anatembea." Akanionyesha pale mbao imelika, imebonyea kidogo, ni viwiko vya watu, miaka na miaka ya viwiko.

Kuna aliyesema Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ndo uliamuru hizo reli zitolewe. Sio kweli. Hati ya liturujia ya mtaguso huo huo, ya mwaka 1963, namba 126, inawataka maaskofu wawe macho, vyombo vitakatifu na vitu vya thamani visitupwe wala kutawanywa, kwa sababu ni mapambo ya nyumba ya Mungu. Tulisimamisha kazi siku ile, tukapeleka swali kwenye jumuiya zote, majibu yakarudi, tukamwandikia askofu. Reli ipo. Ilisafishwa ikapakwa mafuta, na pale palipobonyea hatukupapiga msasa.

Mtaniuliza, mama, kwa vitendo mnafanyaje? Tuna ubao mmoja mlangoni, upande wa kulia mtu anapoingia, mnajua tumeutoa wapi huo upande wa kulia. Ulianza na mistari minne: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, kazi ya wiki hii. Kwa chaki. Anayeuandika anasaini na wa pili anasaini. Yale yale yanasomwa kwenye jumuiya ndogo ndogo katikati ya wiki, kwa sababu grupu la WhatsApp ni zuri lakini yule bibi wa vitumbua hana simu ya namna hiyo, na yeye ndo aliyetuokoa. Maswali yanarudi kwa karatasi mpaka Alhamisi, yanajibiwa Jumapili mbele ya wote, hata lile linalouma.

Na yanauma kweli. Jumapili moja ubao umeandikwa mifuko 12 ya saruji ya msingi wa mnara wa kengele, kijana wa VIWAWA akanyoosha mkono hapo hapo mlangoni, "Mama katibu, mi ndo nilibeba, nilibeba tisa." Watu wamejaa! Nilihisi masikio yanawaka. Nikamwambia asante mwanangu, sijui, nitajua leo. Tukaenda dukani na risiti, mitatu ilikuwa bado kwa muuzaji, gari halikutosha, na sisi tuliandika kilicholipiwa badala ya kilichofika. Misa ya pili nikasimama nikasema hivyo hivyo, na toka siku hiyo ubao una mstari wa tano, kilichofika. Yule kijana sasa ndo anaupokea mzigo wote.

Bei za bati nimewaandikia kwenye karatasi, mchukue geji 28, ndo bati nene zaidi, hata kama 30 ni rahisi, hasa nyie wa karibu na bahari. Na lile daftari letu la mwaka wa kwanza nimekuja nalo, lipo kwa katekista pale mezani, ile bahasha yenye "Paa gani?" nimeibandika ukurasa wa kwanza. Msiogope kulifungua, hamna siri humo, miezi mitano ile imeachwa wazi kurasa tupu kama ilivyokuwa. Tunasali sala ya Malaika wa Bwana halafu chakula, nitakaa pale pale mezani mpaka gari letu liondoke.